Kiunzi cha Meno ya Ma Petronila

Benchi letu lilikuwa Muleba, ng'ambo ya barabara, mkabala na mahali mabasi ya Bukoba na Biharamulo yanaposimama. Lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili. Seremala wa jirani aliukata kwa ajili ya jeneza, kumbe marehemu mwenyewe alikuwa mfupi, ubao ukabaki, akatupatia sisi. Miaka ile seremala hakuwa na kazi nyingine. Vitanda na makabati watu walikuwa wameacha kuagiza. Mimi nilikaa pembeni kwenye kigoda na jiko langu la mkaa, birika la kahawa na vikombe vyangu, mwanangu Maulida mgongoni, na kazi yangu ilikuwa kumimina na kusikiliza.

Wateja wangu wa kudumu walikuwa watatu. Mzee Muharami, fundi cherehani, mtu wa mjini Bukoba aliyehamia kwetu, tulimwita Wahenga kwa sababu hakuweza kuomba hata sukari bila kuwataja wahenga. Kaijage tulimwita Kombora. Alikwenda vitani na mgambo, akarudi na mguu mmoja mzito na hadithi ambazo kila mwaka ziliongezeka vifaru. Wa tatu alikuwa Mayenga, Msukuma, aliyeleta samaki kutoka visiwani. Huyo tulimwita Sangara, na hata kama usingemwona, upepo ungekuambia amefika.

Alhamisi moja Ma Petronila alishuka kwenye basi la kutoka Bukoba. Wote watatu wakasimama kumpisha. Yeye hakukaa. Alishika mti wa kibanda changu, akavuta pumzi.

— Osibile ota, Ma? Kombora akamwuliza kwa Kihaya ameshindaje.

— Nimeshinda na njaa, waitu, lakini nimeshinda.

Tukacheka, naye akacheka, akifunika mdomo kwa khanga. Hakuwa na jino hata moja. Siku ndege za nduli wa Kampala zilipotupa mabomu Bukoba alikuwa sokoni, akakimbia, akaangukia mtaroni uso chini, meno ya mbele yakabaki humo. Yaliyobaki yalimfuata moja moja. Meno ya bandia ya plastiki alipewa, lakini taya lilikuwa limekwisha kusinyaa kiasi kwamba akipiga chafya yanaruka. Basi akawa mtu wa uji na mchuzi. Akakonda mpaka mifupa ya mabega ikawa kama ncha za hanga ya nguo.

Na miaka ile hukuweza kukonda hivi hivi. Ugonjwa ule sisi wa Kagera tuliuita Juliana kabla redio haijatufundisha kusema Ukimwi. Ulikuwa umemchukua mwanawe Buberwa na mke wa Buberwa, ukamwachia Ma Petronila wajukuu wawili. Kwenye matanga wakubwa wa ukoo walipitisha akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mtu wa heshima akikupa unatafuna. Ma Petronila aliziweka shavuni, zikamshinda, akazitema kwenye pindo la khanga. Walioona walitazamana. Walisema, hata akamwani? Basi mdomo una vidonda. Ameshakuwa nao.

Tangu siku hiyo habari zikawa zinazunguka kwamba ukoo utakaa Jumapili, na kwamba watoto watagawanywa kabla bibi yao hajafia mikononi mwao. Msichana apelekwe Biharamulo, na mdogo wake wa kiume apelekwe visiwani kwa baba mdogo ambaye hawajawahi kumwona. Ndiyo maana kila aliyempenda Ma Petronila aliomba apate meno. Akipata meno atakula, akila atanenepa, na mtu aliyenenepa hanyang'anywi watoto.

— Wamesemaje huko hospitali? akauliza Wahenga.

— Skrubu walizonitia kwenye taya zimeshika. Yule daktari mgeni amezigonga na kijiti, akasikiliza kama anayekagua mtungi sokoni. Anasema mfupa umezikumbatia.

— Alhamdulillahi! Basi meno lini?

— Meno yapo. Nimeyaona, meupe kama ya binti. Kilichokosekana ni kiunzi.

— Kiunzi gani tena? akauliza Sangara.

Ma Petronila akachora hewani kwa kidole.

— Meno hayakai juu ya skrubu hivi hivi, kama kunguru juu ya waya. Panatangulia kipande cha madini, kimepinda kama mkono wa ndoo, kinashika skrubu zote. Meno yanakaa juu yake. Ni kama kenchi na mabati, wanangu. Huwezi kuezeka bila kenchi.

— Na madini hayapo?

— Daktari alikuwa na yake, meupe, mepesi, jina lake refu limenipita. Sanduku halijafika, limekwama lilikokwama. Naye anaondoka mwisho wa mwezi. Fundi wake, kijana Ildefons, ameniambia: Ma, ukipata dhahabu, hata kuukuu, nitaiyeyusha nikutengenezee kabla mwenye kazi yake hajapanda ndege.

— Si una pete ya ndoa? akauliza Kombora.

— Pete ilimfuata Buberwa kwenye matibabu, akasema, bila kunung'unika, kama anayesema mvua ilinyesha jana.

Nilimpa kahawa. Akainywa taratibu, akanishukuru mara mbili, akamgusa Maulida kisigino kwa ncha ya kidole kimoja. Kisha akasema wajukuu watakuwa wametoka shule, akashika njia ya kilimani.

Alipopotea kwenye migomba, benchi likafunguka.

— Dhahabu! akasema Kombora. Muleba hii? Dhahabu ya mwisho niliiona kwenye meno ya Mhindi, naye alikwisha hama. Mimi nina kitu bora. Ganda la risasi kubwa, shaba tupu. Nimetoka nalo Kyaka kwa mikono yangu hii.

— Lile unalotupia majivu ya sigara? akauliza Sangara.

— Ndilo. Limekwisha zoea moto. Samaki mkunje angali mbichi!

— Samaki ameingiaje hapo?

— Maana yake chuma kikunje kingali moto, wewe mvuvi usiyejua methali za samaki wako mwenyewe.

— Mimi siyo mvuvi, mimi mchuuzi. Na shaba mdomoni inatoa kutu ya kijani. Unataka mama wa watu acheke kijani?

— Hebu ninyi, akasema Wahenga, akiinua kidole chenye kifuniko cha kushonea. Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Mnaona? Waliona mbali. Walikataza pembe. Fedha hawakuikataza, shaba hawakuikataza. Pembe tu.

— Wahenga hawakuwa wanazungumzia hospitali, Mzee.

— Walikuwa wanazungumzia nini basi, kama siyo meno? Jino limetajwa, dawa imetajwa, pengo limetajwa. Unataka watumie na darubini?

Nikawaongezea kahawa. Sangara akapuliza yake, akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuibiwa wazo.

— Ninyi mnahangaika na madini. Taya ni nini? Mfupa. Mfupa unakubali nini? Mfupa mwenzake. Kule visiwani kuna sangara, akifunguliwa mdomo mtoto anaingia. Taya lake limepinda vilevile kama mkono wa ndoo. Unalikausha, unalikata saizi ya Ma, unalipiga msasa. Limekwisha.

— Na harufu? akauliza Kombora.

— Harufu gani?

Tukanyamaza sote kwa adabu.

— Yaani, akaendelea Kombora, padri anamnyooshea komunyo, anakutana na Goziba na visiwa vyake vyote.

— Unacheka. Taya la sangara nimeliona likivunja kasia. Kasia! Wewe kombora lako limevunja nini?

— Limevunja adui.

— Ulilikuta limelala chini, umesema mwenyewe mwaka jana.

— Mwaka jana nilikuwa mgonjwa!

Lakini Kombora hakuwa mtu wa kukaa chini ameshindwa. Akasogea mbele ya ubao, akanyoosha ule mguu mzito.

— Sikilizeni. Ma kasema madini ya daktari ni meupe, mepesi, hayashiki kutu. Mnajua ni nini hicho? Ndege! Ndege ya vita. Iko moja ilianguka kule mpakani, vipande vyake watu wamefanya mabanda ya kuku. Mpaka leo vinang'aa. Mimi kesho napanda lori, nakwenda kukata kipande.

— Ndege ya nduli? akashtuka Wahenga.

— Hiyohiyo. Iliyomtoa meno ndiyo imrudishie. Hiyo ndiyo haki. Fidia ya vita ambayo hakuna aliyewahi kutulipa, Ma Petronila ataitafunia ndizi za ebitoke kila siku!

Hata mimi niliyekuwa na huzuni nilicheka. Na niliona jinsi alivyosema, macho yamemjaa maji. Kombora hakuwa anatania. Angepanda lori kweli na mguu ule.

— Na radi? akauliza Sangara. Ndege mdomoni, kwetu hapa radi inapiga kila jioni. Mama anapiga mwayo tu, paa!

— Zaidi ya radi, akasema Wahenga kwa sauti ya chini, kuna redio. Madini ya ndege yanashika mawimbi. Niliwahi kusikia habari ya mtu, aliwekewa chuma kinywani, akawa anapokea taarifa ya habari saa mbili usiku. Akifunga mdomo, inaendelea tumboni.

— Basi na ile ya nduli itashika Kampala.

— Itashika Kampala! Na wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Hiyo nayo maana yake nini hapo?

— Maana yake fikirini wenyewe. Sitawatafunia kila kitu.

Akainuka, akaacha kikombe chake hakijaisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tulimwona akivuka barabara kuelekea nyumbani. Sangara akasema amekasirika. Kombora akasema hapana, amekwenda kuswali. Wakabishana juu ya hilo pia, na juu ya plastiki ya ndoo za zamani kuwa ngumu kuliko ya sasa, na juu ya spoku za baiskeli, kwamba ukizisuka nne kwa pamoja hata tembo hazikunji.

Wahenga aliporudi ngumi yake ilikuwa imefungwa. Akaifungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na hereni mbili za dhahabu, za zamani, nzito, zimepauka kidogo kwenye ndoano. Za mkewe, Bibi Ashura. Tulizijua. Alizirithi kwa mama yake aliyekuja na wazazi kutoka pwani, na hakuzivua hata tulipokimbia mabomu, alizifunika kwa khanga tukalala naye porini.

— Mzee, akasema Kombora.

— Nimemweleza tu, akasema Wahenga. Sikuomba. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akazivua. Kasema masikio yake hayatafuni kitu.

Sangara alivua kofia. Mimi niligeukia jiko, nikajifanya moshi umenipata. Mambo ya namna ile ndiyo yaliyotuvusha miaka ile, na mimi huyakumbuka kuliko mazishi. Tulikubaliana kesho yake basi la kwanza Kombora azipeleke Bukoba mwenyewe, azikabidhi kwa Ildefons mkono kwa mkono, na abaki hapohapo akitazama zinavyoyeyuka. Kiunzi kilikuwa kimepatikana. Tulikuwa na furaha, nasema kweli. Niliwapa duru moja ya kahawa bila kudai.

Ndipo pikapu ya kutoka Rubya iliposimama, akashuka mama mmoja mtu mzima, mnene kiasi, rozari shingoni, kapu kichwani. Akatua kapu, akatusalimu mmoja mmoja. Nikampisha kigoda.

— Naitwa Bernadina, akasema. Mimi ni wifi yake Petronila. Marehemu mumewe ni kaka yangu. Kaka zangu wamenituma nije niulize kabla ya Jumapili.

— Umefika mahali penyewe! akasema Kombora. Waambie kaka zako watulie. Ma Petronila anapata meno. Skrubu zimeshika, dhahabu hii hapa, fundi anangoja.

Wahenga akaonyesha hereni. Mama Bernadina akazitazama, na uso wake ukalainika. Akauliza ni za nani, akaambiwa, akafanya ishara ya msalaba kumwombea Bibi Ashura, ambaye angeshangaa.

— Mungu awalipe. Yatakuwa tayari lini?

— Kabla mwezi haujaisha.

— Ukoo unakaa Jumapili hii.

— Si uwaambie anakonda kwa kukosa meno! akasema Sangara. Uji mtupu nani atanenepa nao?

— Nimewaambia, baba. Wakati wa vita Petronila alinificha na watoto wangu, simtakii mabaya. Nimewaambia na zile akamwani alizitema kwa sababu hana cha kutafunia. Kaka mkubwa akanijibu: sisi tuko mbali, majirani ndio wanaojua. Kama yuko jirani hata mmoja aliyekula naye sahani moja tangu tumzike Buberwa, watoto watabaki kwake, sitasema neno. Kama majirani wenyewe wanamkwepa, basi wanajua wanachokijua.

Akatutazama kwa matumaini. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kupata alichokifuata.

— Sasa, waitu, ni nani amekula naye?

Kombora alikuwa wa kwanza.

— Mimi mkungu wa ndizi nampelekea kila wiki. Kila wiki!

— Asante, baba. Mnakula pamoja?

— Nauacha uani. Nina mguu huu, ukikaa chini kuinuka ni kazi.

— Na mimi samaki, akasema Sangara. Wale laini wasio na miiba mingi. Huwa namtundikia kwenye mti pale njiani, kwa sababu ya mbwa.

Mama Bernadina akamgeukia Wahenga.

— Ashura humpikia mchuzi, akasema Wahenga. Mchuzi wa nazi, kila nazi ikipatikana. Kwenye bakuli zuri la udongo, lenye maua.

— Akimaliza mnakula wote?

Wahenga alizifunga hereni ngumini.

— Bakuli tulimwambia abaki nalo.

Basi lilipita bila kusimama, vumbi likatufunika, likatulia. Mimi nami kahawa tu nilikuwa nampa, sahani moja hatujawahi kula.

— Lakini haumwi! akasema Kombora kwa nguvu. Andika mahali popote, Ma Petronila haumwi!

— Wewe unaamini hivyo?

— Naamini.

— Na ninyi?

— Tunaamini, wakasema wote wawili.

— Basi nitakwenda mimi Jumapili, akasema Kombora. Nitasema nimekula naye. Nitaapa.

— Kiapo hawakitaki, baba. Kaka yangu anawajua watu. Atakayesimama kusema, wataweka chungu cha ebitoke hapohapo, Petronila upande huu, yeye upande huu, mikono yote miwili ndani. Na wao watakaa wanatazama.

Kombora alirudi nyuma juu ya ubao. Akautazama mguu wake. Sangara akavaa kofia, akaivua tena. Nilimsubiri Wahenga aseme wahenga walisema nini, kwa maana hakuwahi kukosa. Alikuwa amefunga ngumi juu ya zile hereni, anasugua kidole gumba taratibu.

Mama Bernadina hakutukemea. Afadhali angetukemea. Kisha akainuka, akajitwika kapu lake.

— Nionyesheni kwake basi. Mara ya mwisho nilikuja siku ya mazishi, tulikuwa wengi. Leo njia naona imeota majani.

Hakuna aliyenyoosha kidole. Nikafunika birika, nikakaza mbeleko, Maulida akagutuka kidogo, akalala tena.

— Twende, mama, nikuonyeshe njia.

Alinitazama, akamtazama na mtoto mgongoni.

— Njia tu? akaniuliza.